Kiarabu cha kwenye basi: cha madrasa, cha Misri au cha Ghuba, uanze na kipi?

Mi nimesoma madrasa Tanga toka mdogo, nahau nimeipiga mpaka ustadhi akawa ananiachia darasa la watoto, kwa hiyo naenda Cairo najua kabisa suala la lugha limeisha, wengine ndo watahangaika. Siku ya tatu nimepanda maikrobasi pale Ramsis naelekea Abbasiya, nimefika ninapotaka kushuka, nikanyoosha mgongo nikasema kwa sauti ya kusoma: "qif huna min fadhlik, uridu an anzil", yaani simama hapa tafadhali, nataka kushuka. Gari zima kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akaangua kicheko, wakadaka wote, dereva ananitazama kwenye kioo anacheka na yeye na gari haisimami. Kwa masikio yao ni kama wewe upo kwenye daladala ya Gongo la Mboto, abiria mmoja anasimama anamwambia konda "ewe nahodha wa chombo, nakusihi utie nanga hapa". Mzee aliyekaa pembeni yangu ndo akaniokoa, alisema tu "ala gamb ya usta", yaani pembeni dereva, gari ikaenda pembeni hapo hapo, mi nikashuka nishapitishwa kituo kizima.

Baada ya hapo nimekaa Cairo miaka mitatu, nikaja kukaa Muscat kwa shemeji yangu mwaka na miezi, umra nimeenda, Dubai nimepita. Ndo maana watu wakipata safari wananiuliza nijifunze Kiarabu gani maana muda ni mfupi, ndege ni mwezi ujao, na kila mtu mtaani anakuambia lake. Ngoja nivipange vyote vitatu hapa, cha madrasa, cha Misri na cha Ghuba (Oman, Emirates, Qatar, Kuwait, Saudia), uone mwenyewe. Maneno naandika kwa herufi zetu tu, ain na hamza nimeziruka nyingi, msinikabe.

Kwanza hiki cha madrasa, yaani Fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni. Watu wakishachekwa mara moja wanakidharau moja kwa moja na hapo wanakosea, maana kwenye usafiri kuna vitu viwili, kuna kusema na kuna kusoma, na vibao vyote kuanzia Morocco mpaka Muscat vimeandikwa Fus-ha. Metro ya Cairo ilifunguliwa 1987, ya kwanza Afrika, na ukishuka ngazi pale hakuna mtu wa kukuelekeza, kuna kibao kimeandikwa "ittijah Hilwan" na kingine "ittijah al-Marg", ittijah maana yake uelekeo, ukikosea ngazi unajikuta upande wa pili unaangalia treni yako inaondoka. Khuruj ni kutoka, dukhul ni kuingia, rasif ni pale unaposimama kusubiri treni. Mabehewa ya katikati ukiona "sayyidat" ni ya wanawake, wewe kaka yangu usijifanye hujaona. Na kuna hili lilinipoteza: eneo wote wanaliita Ramsis, ila stesheni ya metro ya hapo chini inaitwa al-Shuhada, walibadilisha jina 2011, zamani ilikuwa Mubarak. Ukikaa kwenye behewa unasubiri kuona kibao cha Ramsis utafika Marg.

Kwa hiyo Fus-ha kama unayo usiitupe, itakusomea vibao na matangazo ya kwenye spika. Ila mdomoni usiitoe, au itoe ukishakwama kabisa, watakuelewa, watacheka kidogo, wengine watakuheshimu kweli wakuite ya sheikh, lakini gari haitasimama kwa wakati.

Sasa tuone maneno yenyewe.

Nataka kwenda mahali fulani. Fus-ha ni "uridu an adhhaba ila", Misri "ayiz aruh", Ghuba "abgha aruh", ukienda Kuwait au Qatar utasikia "abi aruh". Basi liko wapi: Fus-ha "ayna al-hafila", Misri "fen il-utubis", Ghuba "wen il-bas", hilo la Ghuba hata mtoto wa kwetu anaelewa. Hii gari inaenda Ramsis: Fus-ha unaunda sentensi ndeeefu "hal tadhhabu hadhihi l-hafila ila", Misri unainamisha kichwa dirishani unasema "Ramsis ya usta?" na imekwisha, Ghuba "hadha yiruh Matrah?". Nishushe hapa: "nazzilni hina" Misri na Saudia, Oman na Emirates utasikia hina hiyo inavutwa inakuwa "hni", na Ghuba ukisema "waggif" tu dereva anasimama. Nenda moja kwa moja: Fus-ha "ila l-amam" ambayo sijawahi kusikia mtu mzima akiisema kwenye gari, Misri "ala tul", Ghuba "sida", na hii sida si Kiarabu kabisa, ni ya Kihindi, imeingia bandarini na wafanyabiashara ikakaa jumla. Kulia ni yimin kote. Kushoto ndo kuna tatizo, Misri ni "shimal", Ghuba ni "yisar", na wazee wetu wa mashairi wana yamini na shimali kwa hiyo hapo Misri inatupendelea.

Tofauti kubwa kuliko hizo zote ipo kwenye hilo la kutaka. "Ayiz" ya Misri anasema mwanaume, mwanamke anasema "ayza". Sisi lugha yetu haina mambo ya kike na kiume kwenye kitenzi kwa hiyo tunasahau kila siku, nina dada yangu mmoja alikaa mwezi mzima anasema ayiz kwa madereva wote, kisa maneno amefundishwa na kaka yake. "Abgha" ya Ghuba mke mume wote sawa. Kama wewe ni mtu wa kukariri haraka haraka hiyo peke yake ni pointi moja kwa Ghuba.

Matamshi sasa. Mmisri jimu anaifanya g, qafu anaimeza haionekani, na thau anaifanya t. Kwa hiyo jamb inakuwa gamb, dakika inakuwa "di-i-a" kama mtu mwenye kwikwi, na thalathini inakuwa "talatin". Ghuba thau iko pale pale, thalathin, sawa kabisa na thelathini yetu, qafu mara nyingi inakuwa g kama "waggif" hapo juu, ingawa Oman watu wengi wa mijini utawasikia wanaitoa qafu kamili kama ya msahafu. Mswahili kwenye dh, th, gh, kh hana shida, tunazo tayari, Mzungu anakaa mwaka mzima anatafuta ghaini. Kwa sikio letu Ghuba ni nyepesi kuliko Misri, mi ndo naamini hivo, japo najua walioanzia Cairo watabisha.

Halafu namba. Hapa Mungu ametupa bure. Sita, saba, tisa, ishirini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, mia, elfu, nusu, robo, zote unazo mdomoni kabla hujapanda ndege, kazi yako ni kujifunza wahid, ithnen (Misri itnen), thalatha, arbaa, khamsa, thamania na ashara basi. Cairo kwenye maikrobasi nauli mara nyingi haikusanywi na konda, mnapitishiana. Wewe umekaa nyuma kabisa, unampa wa mbele yako noti ya ishirini unasema "wahid min ishrin", yaani mmoja katoa kwenye ishirini, noti inaenda mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia ile ile mkono kwa mkono, na inafika. Mara ya kwanza nilikuwa naifuata ile noti kwa macho kama polisi. Ukiwa na mwenzio unasema "itnen min khamsin". Chenji isiporudi unaita "il-ba'i ya usta", hiyo ba'i ni baki yetu tu imemezwa qafu. Hela ndogo ndogo wanaita fakka, kaa nazo, ukimpa dereva noti kubwa saa moja asubuhi atakulaumu wewe na ukoo wako.

Oman hela ni riali na kila riali ina besa elfu moja, ambayo besa na pesa ni mtu na dada yake. "Khamsmiyat besa", mia tano besa, ukisikia hivo unahisi uko Darajani. Hela ndogo kule ni khurda.

Ila ndugu zangu kufanana huku kuna mitego na ndo inawaumiza Waswahili kuliko mtu asiyejua neno hata moja. Tafadhali. Kila mtu anakwenda kule anafikiri ni neno la kuombea, anamwambia dereva "tafaddhal" akimaanisha tafadhali nishushe. Kwao tafaddhal ni karibu, pita, chukua, kaa. Mtu akikuachia siti kwenye metro anakwambia "itfaddal". Kwa hiyo wewe unamwambia dereva karibu kwenye gari lake mwenyewe. Ukitaka kuomba sema "law samaht", inafanya kazi kote, na ukiangalia vizuri ni samahani yetu hiyo hiyo. Na neno karibu nalo, kwao qarib si la kukaribisha, maana yake ni si mbali, Misri "urayyib", Ghuba "girib". Ujira wetu ni mshahara wa kibarua, kwao ujra ndo nauli, Misri "il-ugra kam". Na sisi tukisema nauli hakuna anayeelewa.

Mtego wa mwisho nauweka hapa kwa sababu nilishuhudia kwa macho. Cairo ukisimama barabarani utasikia makonda wa maikrobasi, wanawaita tabba', wanapiga kelele "Haram Haram Haram!" na wengine wanakunja vidole kama paa la nyumba. Jamaa yangu mmoja mgeni toka Mombasa akaniuliza, hawa wanamharamishia nani? Wanaita abiria wa Piramidi, piramidi kwao ni haram kwa hau ndogo, na vile vidole ni umbo la piramidi. Ukienda Makka dereva akiita Haram ni Msikiti Mtukufu kwa hau kubwa ya kooni. Sisi hau zetu mbili tumeziunganisha zamani kwa hiyo sikio haliwezi kutenganisha, angalia uko mji gani tu.

Haya, sasa kuchagua. Watu wanachagua kwa kuangalia nchi, mi nakushauri angalia nani kashika usukani.

Cairo na Alexandria dereva ni Mmisri, abiria wote Wamisri, Kiingereza ni bahati nasibu, na maikrobasi haina kibao wala apu wala ratiba, ni mdomo tu. Hapa huna ujanja, jifunze cha Misri na jifunze kabla. Wanafunzi wa Azhar wengi wanakaa Abbasiya kwenye mabweni ya wageni au wanapanga Madinat Nasr huko Hay al-Sabi na Hay al-Ashir, na kwenda chuo kila siku ni gari mbili, ukiwa bubu kwenye hizo gari mbili utaishi kwa teksi na hela ya chakula itaisha tarehe kumi. Neno la kwanza kabisa ni usta, ndo heshima ya dereva na fundi, bila usta sentensi yako haina kichwa. Kwenye metro jifunze "nazil?", mtu wa nyuma yako anakuuliza unashuka? Hataki ugomvi, anataka kujua kama umpishe mlangoni. Kama unashuka jibu "aywa", kama hushuki sogea.

Oman dereva wa teksi zile nyeupe na chungwa ni Muomani, kazi hiyo ni ya wenyeji, kwa hiyo Kiarabu cha Ghuba kina faida ya kweli. Atakuuliza "wen sayir?", unakwenda wapi, wewe utaje Ruwi, Matrah, Burj al-Sahwa, kisha "kam?" na mkubaliane kabla hujafunga mlango. Uliza pia kama mnakwenda na wengine au umeikodi peke yako, maana bei haziingiliani, peke yangu ni "li-wahdi". Mabasi ya Mwasalat yana namba na njia zake kwa hiyo hapo maneno ni machache. Lakini Muscat ina mambo yake nyie. Familia nyingi zimetokea Unguja na bara, wengi walirudi baada ya 1964 na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970, na Kiswahili wamebaki nacho. Mi na shemeji tulipanda teksi Ruwi, njia nzima tunamsema dereva kwa Kiswahili, mara bei kaweka kubwa, mara gari inanuka ubani kama ana harusi, mzee katulia tuli kashika usukani, tunafika anageuka, "sasa jamaa zangu, niwashushe hapa au mbele kwenye kivuli?" Cha Tanga safi kabisa. Shemeji alilipa bila kudai chenji.

Dubai, Doha, ni habari nyingine. Metro ya Dubai ipo toka 2009, ya Doha toka 2019, vibao Kiarabu na Kiingereza, kadi unagonga unapita, huhitaji kuongea na binadamu. Teksi nyingi dereva ni Mpakistani au Mhindi au Mbangladeshi, ukimwagia abgha yako nzuri atakujibu Kiingereza au Kiurdu. Ukijua sida, yimin, yisar, waggif, bas umemaliza, jioni moja tu kazi imekwisha. Utaitwa "sadiq" sana, ni rafiki kwa maandishi, kwa matumizi ni kama "wewe kijana" kwa mfanyakazi mgeni, usikasirike wala usifurahi. Dada anayekwenda Dubai kufanya kazi za ndani mi ningemwambia hizo juhudi za Kiarabu azipeleke kwenye maneno ya jikoni na ya kudai haki yake, za barabarani zitajileta.

Saudia kwa mtu wa umra inategemea umekwendaje. Kama umo kwenye kundi basi la kundi linakubeba, na treni ya Haramain iliyoanza 2018 toka Makka kupita Jeddah mpaka Madina ni tiketi na namba ya siti, Fus-ha ya kusoma inatosha. Ukijitafutia gari mwenyewe utakutana na neno nafar, ni kichwa, abiria mmoja, "kam nafar" wanauliza mko wangapi na bei inapigwa kwa kichwa. Riyadh nayo ina metro toka mwisho wa 2024.

Na kama hujui utaishia wapi, bado unatafuta nafasi huku na huku? Wengi watakwambia Misri kwa sababu filamu zao zimeenea na kila Mwarabu anaelewa Kimisri, na ni kweli, Ghuba nzima imejaa Wamisri na ukisema ayiz aruh pale Muscat utapelekwa. Kinyume chake hakina faida, ukisema abgha Cairo dereva anaelewa ila anakuona umetoka Ghuba na bei inapanda hapo hapo. Kwa hiyo mi naona, huku nikikumbuka kwamba Ghuba ni rahisi zaidi mdomoni, mwenye shaka aanze Misri na achukue sida na waggif za akiba. Ila mwenye mkataba wa Oman mkononi asiguse Misri, atachanganya shimal na yisar na kwenye kona hakuna muda wa kufikiri.

Apu za simu zimejaa za kufundisha Kiarabu, nyingi ni Fus-ha, angalia kabla hujalipia, ukiona inakufundisha "uridu" kwenye somo la kwanza ujue ni ile ya ewe nahodha. Bora umpate mtu mmoja aliyekaa huo mji akurekodie vipande ishirini vya sauti, usikilize ukiwa unakwenda kazini.

Kitu ambacho hakuna anayekiandaa ni simu ya dereva. Umeita gari kwa apu, umeridhika huhitaji kuongea, dakika mbili dereva anapiga, na kwenye simu vidole havisaidii. Misri atasema "inta fen?", mwanamke ataulizwa "inti fen?", Ghuba "wenak?" au "wenich?", Saudia kwa mwanamke "wenik?". Jibu la Misri ni "ana uddam" halafu taja kitu, Ghuba "ana giddam", Fus-ha ni amama lakini kwenye simu yenye kelele za honi achana nayo. Uddam na giddam ni mbele ya. Taja duka la dawa, saydaliyya, au benki, au jina la mgahawa uliloliona kwenye kibao. Cairo usiseme uko mbele ya msikiti, mi nilisema hivo Abbasiya, "ana uddam ig-gami", na dereva akauliza kwa upole kabisa, upi kati ya hii minne ninayoiona?